Barua ya wazi kwa wakuu wa mabenki: yaandikeni wazi makato ya ATM kwa kadi za nje

Kwa: Wakurugenzi Watendaji wa benki zote zenye ATM Unguja, Pemba na Tanzania Bara
Nakala: Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, wizara zinazosimamia utalii, Zanzibar na Bara, Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha

YAH: MAKATO YA ATM KWA WENYE KADI ZA BENKI ZA NJE

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja. Mgeni akishapokewa na mizigo yake ikawekwa chumbani, haichukui muda ataniuliza wapi atapata shilingi. Nampeleka kwenye ATM, nampa mgongo ili aingize namba yake ya siri kwa faragha, kisha nasikia ananiita: "Hapa nibonyeze wapi?" Barua hii inatokana na kile kilichoandikwa kwenye skrini wakati huo, na fedha zinazokatwa kwa watu wasioelewa zimekatwaje.

Sikukimbilia hadharani. Nilianza dirishani, kwenye tawi la benki moja ambayo sitaitaja. Nikaambiwa niandike. Nikaandika, nikaambatanisha nakala za risiti za wageni walioniruhusu. Jibu lilikuwa la mistari mitatu, na uzito wake wote ulikuwa kwenye sentensi moja: mteja aliyakubali masharti mwenyewe kwenye mashine. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaahidiwa kupigiwa, sikupigiwa. Sina nia ya kuifedhehesha benki hiyo, kwani ninayoyaona kwao nayaona na kwenye mashine za wengine. Ndiyo maana nawaandikia nyote.

Naandika sasa kwa sababu mambo yamebadilika. Machi 2025 Serikali ilitoa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Naziunga mkono kwa moyo wote. Shilingi ndiyo fedha yetu, na hatuna sababu ya kuionea haya kwenye hoteli zetu wenyewe. Lakini mgeni aliyezoea kuja na bahasha ya dola sasa anahitaji shilingi tangu siku anayoshuka, na njia yake ya karibu ya kuzipata ni mashine zenu. Mtu ukishamwambia apite mlango fulani, bei ya kupita iandike juu ya mlango.

Mgeni huyo huyo amelipia viza, na tangu Oktoba 2024 analipia pia bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44. Wapo wanaoona ni nyingi. Ila hajawahi kunijia mtu akasema ameibiwa bima, kwa sababu aliijua kabla ya kupanda ndege. Kuhusu ATM wananijia.

Kwa asiyefahamu, kadi ya nje ikiingia kwenye mashine zetu inaweza kukatwa sehemu nne. Kuna ada ya benki yenye mashine. Kuna ada ya benki ya kwao iliyotoa kadi, ambayo mara nyingi ni asilimia ya kiasi kilichotolewa. Kuna tofauti ya kiwango cha kubadilishia fedha. Na kama kadi ni ya mkopo, benki nyingi huhesabu kutoa fedha taslimu kuwa ni kukopa, na riba inaanza siku ile ile. Ya pili na ya nne haziko mikononi mwenu, na sitawalaumu kwazo. Ya kwanza ni yenu. Ya tatu inakuwa yenu pale mashine inapombadilishia mteja fedha yenyewe, papo hapo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mgeni anahitaji shilingi 1,200,000 kwa wiki yake, na mashine haimpi zaidi ya 400,000 kwa mara moja. Atatoa mara tatu. Ada ya mashine ikiwa 15,000, hizo ni 45,000. Akibonyeza kukubali kubadilishiwa fedha na mashine kwa kiwango kilichopunjwa asilimia 8, hizo ni 96,000. Benki ya kwao ikimtoza asilimia 3, ni 36,000. Jumla 177,000, karibu asilimia 15 ya fedha aliyoitaka. Fedha hiyo haikufika kwa nahodha wa Nungwi, wala kwa mama anayekaanga samaki Forodhani, wala kwangu. Na zaidi ya nusu yake ingeepukika kwa kubonyeza kitufe cha pili, cha kukataa kubadilishiwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ukurasa wa kubadilishiwa fedha unampoteza mteja.

Hapa ndipo penye uzito wa barua yangu, na ninaomba mpasome kwa utulivu. Mteja ameomba 400,000. Kabla noti hazijatoka, mashine inamletea ukurasa mwingine: kiasi kile kwa fedha ya kwao, euro au pauni au riali, kiwango kilichotumika, na vitufe viwili. Kimoja cha kukubali, kingine cha kukataa. Hakuna palipoandikwa kwamba akikataa bado atapewa noti zake zote. Hakuna palipoelezwa kwamba kinachoamuliwa pale ni nani atakayepiga hesabu ya kubadili: mashine yenu, au Visa na Mastercard pamoja na benki yake. Mtu amesimama juani, nyuma yake foleni, kadi yake imo ndani ya mashine ya nchi ya watu. Anaamini akikataa muamala utafutwa, au kadi itamezwa. Anakubali.

Kiwango cha mashine mara nyingi ni kibaya kuliko cha mitandao ya kadi, na si kwa senti. Tena benki ya kwao inaweza kumtoza ada ya muamala wa nje vile vile, kwa sababu muamala umefanyika nje ya nchi hata kama umeandikwa kwa fedha yao. Analipa mara mbili kwa jambo aliloambiwa ni la kumrahisishia.

Shangazi yangu anaishi Muscat na huja kwetu kwa Idi. Alitoa fedha karibu na Darajani, akaona riali sitini na kitu, namba anayoizoea, akabonyeza kukubali. Riali ya Oman ni fedha nzito; tofauti ya riali tano haishtui mtu kwenye skrini. Kwa shilingi, riali tano ni zaidi ya elfu thelathini. Mwanamke huyu amefanya biashara ya vitambaa maisha yake yote, na kwa hesabu za fedha ananishinda mbali. Tulipokaa jioni na risiti yake mkononi aliikokotoa kwa dakika moja, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwandikia pale kwamba anaweza kuchukua kwa shilingi tu. Sikuwa na jibu. Leo swali lake naliwasilisha kwenu.

Kuna na lugha. Kwenye baadhi ya mashine mteja anachagua Kiswahili mwanzoni, lakini akifika ukurasa huu maandishi yanarudi Kiingereza. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai, wazee wa Mombasa, wafanyabiashara wa Bujumbura na Lubumbashi wanaokuja Dar es Salaam, wengi wao Kiswahili ndicho wanachokisoma vizuri. Ukurasa wenye hasara kubwa kuliko zote ndio unaowanyima lugha yao.

Wenzetu wamelishughulikia. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2020, mwenye mashine anayembadilishia mteja fedha analazimika kuonyesha kwa asilimia amezidisha kiasi gani juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Namba moja tu, na mteja anaelewa. Benki Kuu ya Tanzania nayo hutangaza viwango vyake. Kipimo tunacho.

2. Ada ya mashine haijulikani mpaka umeshaingia.

Ziko mashine zinazotaja ada yake waziwazi mwishoni na kumpa mteja nafasi ya kughairi, na benki hizo nazishukuru. Ziko zinazosema tu kwamba "ada inaweza kutozwa", bila tarakimu. Ziko zisizosema kitu, mteja anaiona kwenye taarifa ya akaunti akisharudi kwao. Sijaona hata moja yenye kibao mlangoni kinachotaja ada kabla mtu hajatoa kadi mfukoni.

Australia waliamua Machi 2009 kwamba ada ya mwenye mashine ionekane kwenye skrini kabla ya kutoa fedha, na mteja aweze kuondoka bila kukatwa. Watu wakaanza kuchagua mashine. Mwaka 2017 benki kubwa nne za nchi hiyo zikafuta ada waliyokuwa wakiwatoza wateja wa benki nyingine za huko huko. Bei ilipowekwa wazi, ushindani ukafanya kazi yake.

3. Kikomo cha noti 40 kinazidisha ada.

Noti yetu kubwa ni ya 10,000, na mashine nyingi hazitoi zaidi ya 400,000 kwa mara moja. Naelewa kwamba mdomo wa mashine una kipimo chake. Lakini ada haikatwi kwa kiasi, inakatwa kwa muamala. Kikomo kidogo na ada isiyobadilika vikikutana, mteja anatozwa mara tatu kwa fedha moja. Familia inayokwenda kukaa Jambiani au Makunduchi inalazimika kuchukua za wiki nzima mjini, kwa sababu vijijini mashine ni chache na mwishoni mwa wiki huishiwa.

4. Jirani anatozwa kama mtu wa ng'ambo.

Hili linaniuma kwa namna yake, maana nina ndugu Mombasa. Mtu anayevuka Lunga Lunga kuingia Horohoro hajatoka Afrika Mashariki. Kutoka kwake mpaka Tanga ni mwendo wa nusu siku. Akiingiza kadi ya benki ya Kenya, inahesabiwa sawa na ya New York. Na mara nyingi shilingi yake ya Kenya inageuzwa kwanza kuwa dola, kisha dola inageuzwa kuwa shilingi ya Tanzania, na kila mgeuzo una mwenye kuchukua chake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010. Ile ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na sarafu moja iliyolengwa 2024 sasa imesogezwa mpaka 2031. Hatuhitaji kuisubiri sarafu hiyo ndipo tuwatendee majirani haki. Nchi za Ghuba zina sarafu sita tofauti, na bado waliunganisha ATM zao kwa mtandao wao wenyewe. Ulaya, tangu Julai 2002, mtu wa nchi moja ya euro akitoa euro katika nchi nyingine hatozwi na benki yake zaidi ya anavyotozwa nyumbani. Hata hapa kwetu, mwaka 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania ziliunganishwa, mtu akaweza kutuma fedha kwa simu kuvuka mpaka. Simu imeweza, kadi inashindwa na nini?

5. Mlalamikaji hana pa kupeleka risiti yake.

Kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha ni nzuri. Lakini mwenye kadi ya nje akija dirishani anaambiwa yeye si mteja wa benki hiyo, awasiliane na benki yake. Benki yake inamwambia awasiliane na mwenye mashine. Anapanda ndege na risiti mfukoni.

Waheshimiwa, najua mtakayoyasema, maana mengine nimeshaambiwa.

Mtasema mashine ni ghali: noti zinasafirishwa kwa boti na kwa gari lenye ulinzi, umeme ukikatika kuna jenereta, mitandao ya kadi ina malipo yake. Yote kweli, na sijaomba huduma ya bure. Lakini mwananchi ajue pia kwamba kadi ya nje inapotumika, benki iliyoitoa kadi hiyo huilipa benki yenye mashine kiasi fulani kwa kila muamala. Ada anayokatwa mteja inakuja juu ya hiyo. Mkiitaja ada yenu hadharani mtaweza pia kuitetea hadharani.

Mtasema mteja alikubali. Kukubali ni kwa anayejua anachochagua. Ukurasa usiosema kitakachotokea akikataa haujampa mtu uchaguzi.

Mtasema wageni wana uwezo. Wapo wenye uwezo. Wapo pia wanafunzi, wauguzi wa Nairobi waliodunduliza kwa mapumziko ya siku nne, na vijana wetu wa London na Toronto wanaokuja kuzika wazazi. Mashine haiulizi. Na hata tajiri akipunjwa, atakayemlaumu ni mimi niliyemsindikiza pale, na atakapoandika habari za safari yake ataiandika Zanzibar, hataandika jina la benki.

Mtasema walipe kwa kadi moja kwa moja. Hotelini sawa, ingawa maduka mengi huongeza asilimia juu kwa anayelipa kwa kadi. Kwenye daladala, kwa muuza madafu na kwenye ngalawa hakuna mashine ya kadi.

Mpaka hapo mtakapochukua hatua, haya ndiyo ninayowaambia wageni na ndugu, na nayaweka hapa kila mtu ayachukue. Mashine ikikuuliza utozwe kwa shilingi au kwa fedha ya kwenu, chagua shilingi, kila nchi na kila mashine. Ikikupa vitufe viwili tu, bonyeza cha kukataa kubadilishiwa, na fedha zako zitatoka. Chukua kiasi kikubwa mara chache badala ya kidogo kila siku, ila usitembee nazo zote mfukoni. Kadi ya mkopo iache kwa hoteli, kwenye ATM tumia ya akaunti yako. Kabla ya safari iulize benki yako inakata asilimia ngapi nje ya nchi na kama ina benki mshirika huku, maana tofauti kati ya kadi na kadi ni kubwa kuliko tofauti kati ya mashine na mashine. Ukiona ada isiyokuridhisha, ghairi na ujaribu mashine ya jirani. Risiti usitupe mpaka uione taarifa ya akaunti. Na ukiwa na noti safi za dola au euro, linganisha na maduka ya kubadilishia fedha yenye leseni. Wakati mwingine kiwango chao kinaishinda ATM baada ya makato yote.

Ninachokiomba kwenu hakihitaji mashine mpya.

Kwanza, ukurasa wa kubadilishiwa fedha uandikwe upya, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, vitufe viwili vilingane ukubwa na rangi, na kimoja kiseme waziwazi: "Nipe fedha zangu, nikatwe kwa shilingi." Uonyeshe pia kwa asilimia ni kiasi gani kimezidishwa juu ya kiwango cha Benki Kuu.

Pili, ada ya mashine kwa kadi za nje itajwe kwa tarakimu kwenye kibao nje ya mashine na kwenye skrini kabla ya namba ya siri, na mteja aweze kughairi bila kukatwa senti.

Tatu, anayelazimishwa na kikomo cha mashine kutoa zaidi ya mara moja siku hiyo hiyo kwenye mashine ile ile akatwe ada mara moja tu.

Nne, kadi za benki za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zitozwe ada ile ile anayotozwa Mtanzania anapotumia ATM ya benki isiyo yake. Hili nalielekeza pia kwa Gavana na kwa Sekretarieti, kwa sababu benki moja peke yake haitaanza.

Tano, kila ATM iwe na namba ya simu inayopokea malalamiko ya mwenye kadi yoyote, awe mteja wenu au asiwe, na ajibiwe kwa maandishi.

Msimu mkubwa unaanza Juni. Kibao cha ada ni kazi ya siku moja, na ukurasa wa skrini ni kazi ya wataalamu wenu wa kompyuta walioko ofisini tayari. Naomba mawili hayo ya mwanzo yatekelezwe kabla ya msimu, na mengine mtupe tarehe. Naomba pia majibu yenu yawe hadharani kama ilivyo barua hii, ili wageni, ndugu zetu wa ng'ambo na sisi tunaowapokea tuyasome pamoja. Nakala za risiti ninazo, na niko tayari kuja nazo kwenye kikao chochote mtakachoniita, Unguja au Dar es Salaam.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtembeza wageni,
Mji Mkongwe, Unguja